Kosa la Bwana Mwaisumo na Nyumba Kumi na Moja za Iringa

Tarehe 31 Desemba 1959, saa ya kufunga ofisi, Bwana Asukile Mwaisumo, karani mkalimani, atakabidhi funguo za kabati lake baada ya miaka ishirini na minne ya kazi: ishirini na mmoja Iringa, mitatu hapa Mbeya.

Alifika Iringa mwaka 1935, kijana wa Rungwe aliyesomeshwa na wamisheni. Alijua Kinyakyusa, Kiswahili na Kiingereza; Kihehe alijua neno moja tu, salamu ya "kamwene." Alilitumia kwa kila mtu, asubuhi na jioni, hata mzee mmoja akampa kuku kwa kumhurumia. Baada ya miaka mitatu alikuwa akifasiri kesi za Wahehe bila kubabaika. Katika kuandika alikuwa mkali. Tangazo la kanisani likiwa na kosa, mchungaji alirudishiwa likiwa limesahihishwa kwa penseli nyekundu.

Mtu wa namna hiyo akikosea, ni habari. Alipokosea mimi nilikuwa mpiga chapa wake huko Iringa, kabla nami sijahamia hapa, na yeye mwenyewe ameniomba niiandike. "Sifa tupu ni za marehemu, Gideoni," aliniambia. "Mimi bado nipo."

Mwaka 1954 nyumba za mjini Iringa zilithaminiwa upya kwa ajili ya kodi. Kila mwenye nyumba alipelekewa karatasi yenye thamani ya nyumba yake, na asiyeridhika alipewa siku ishirini na moja za kuleta pingamizi kwa maandishi. Bwana Mwaisumo ndiye aliyeigeuza karatasi hiyo kwa Kiswahili, kwa haraka, tarishi akiwa tayari amesimama mlangoni na baiskeli.

Mvua za Machi zikachelewesha mambo. Karatasi ziliandikwa tarehe mosi, lakini wengi walizipata baada ya siku tisa au kumi. Mwisho wa mwezi pingamizi kumi na moja zililetwa, na zote zikagongwa muhuri mmoja: ZIMECHELEWA.

Miongoni mwao ilikuwa ya Mama Rozalia, mjane aliyekuwa akiuza maziwa. Nyumba yake ilithaminiwa kama nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati kote. Alikuja ofisini na kopo dogo, akamwaga punje za mahindi juu ya meza ya Bwana Mwaisumo.

"Bwana karani, tangu nipokee karatasi naweka punje moja kila siku, mpaka siku niliyoleta barua. Hesabu."

Zilikuwa kumi na nane.

"Karatasi yenu inasema ishirini na moja. Sasa aliyechelewa ni mimi au ni ninyi?"

Bwana Mwaisumo alimwambia arudi kesho. Mama alipotoka, alichukua karatasi ya Kiingereza na ya Kiswahili akaziweka pamoja. Nilimwona akizisoma mpaka chai yake ikaota utando. Kiingereza kilisema siku zihesabiwe tangu tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi. Kiswahili chake kilisema tangu siku ya kuipokea. Karatasi za leseni ndivyo zilivyokuwa zikisema, naye alikuwa amezigeuza miaka mingi. Mkono ulikwenda ulikozoea.

Hakuna aliyejua. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa mgeni na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kusema kungeweza kumfukuzisha kazi, na alikuwa na watoto wanne shuleni.

Siku mbili zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Alipoteza kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Aliweka barua za jela katika faili la soko. Mke wake, Mama Yudith, alikuja kuniuliza kama mumewe anaumwa, maana chakula alikuwa anakitazama tu. Na kila asubuhi Mama Rozalia alikuwa amekaa kwenye ngazi, na kopo lake mapajani.

Siku ya tatu Bwana Mwaisumo alivaa koti lake la Jumapili akabisha mlango wa Bwana Shauri. Mlango ulibaki wazi, nikasikia.

"Bwana, watu wale hawakuchelewa. Walifuata karatasi niliyoandika mimi, na niliikosea."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, bwana."

"Basi kwa nini unaniambia?"

"Mama yule yuko nje. Amekaa pale kwa ajili ya kosa langu."

Bwana Shauri alisema jambo hilo haliko mikononi mwake. Ataandika Mbeya, makao makuu ya jimbo. Jibu lilikawia siku kumi na sita. Kila gari la barua liliposimama, Bwana Mwaisumo alishika ukingo wa meza. Alikwisha kufungasha vitabu vyake ndani ya sanduku.

Jibu lilipokuja lilikuwa na mambo mawili. Pingamizi zote zisikilizwe. Na karani apewe onyo la maandishi, asipate nyongeza ya mshahara mwaka mmoja. Alilisoma mara mbili, akatoka kwenye ngazi akamwambia Mama Rozalia, "Watakusikiliza Alhamisi. Lakini usije kulia. Sema ni nini kilichoandikwa vibaya, kisha uwaonyeshe."

Alhamisi ile mama aliwaambia wazee wa baraza maneno machache: "Mthamini alitazama nyumba yangu akiwa barabarani. Naomba mzunguke nyuma." Walikwenda kwa miguu. Mbele palikuwa na bati na chokaa. Nyuma palikuwa na nyasi, fito na udongo, na ukuta mmoja uliegemezwa gogo. Thamani ilishushwa siku hiyohiyo. Katika wale kumi na mmoja, saba walipunguziwa. Wanne hawakuwa na la kuonyesha, na mmoja wao, mwalimu, hakumsalimu Bwana Mwaisumo tena mpaka Bwana Mwaisumo alipohamia Mbeya mwaka 1956.

Hapa kwetu Mbeya hakuna tangazo lililotoka mikononi mwake kabla halijasomwa kwa sauti mbele ya mtu asiye karani: mpishi, fundi, mama wa mboga. Msikilizaji akiuliza neno asilolielewa, Bwana Mwaisumo alilifuta akaanza upya. Wengine tulinung'unika. Lakini katika miaka mitatu hakuna mtu wa Mbeya aliyeipoteza haki yake kwa sababu ya neno letu.

Januari uthamini wa nyumba za Mbeya unaanza. Tangazo la Kiingereza liko mezani kwangu tangu Jumatatu. Nimeligeuza mara nne na bado naliogopa. Nilimwomba Bwana Mwaisumo alitazame. Alikataa, akacheka, akasema, "Uoga huo usiuache, ndiyo kazi yenyewe."

Asante, Bwana Mwaisumo, wewe na Mama Yudith. Nendeni Rungwe salama, migomba iwapokee, na siku zenu za mapumziko ziwe nyingi na njema.

Gideoni Chengula, Masijala, Mbeya