Delbert Stroud na Samaki Aliyegoma Kula

Ndugu waombolezaji, mnisamehe mapema, familia yetu ina wasomaji wazuri, wote wamekataa, nikabaki mimi, Vernon, kaka wa mjane, na tangu Jumapili kichwa changu hakijakaa sawa.

Marehemu Delbert Stroud alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Salem, Missouri, ingawa cheti kinasema tarehe 11 na dada yake anaapa ilikuwa Aprili, akasoma hapa hapa, akaajiriwa posta mwaka 1970, akafunga ndoa na dada yangu Lorene tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti mmoja, Twila.

Alistaafu mwaka 2016, akavua mtoni yule samaki wa kwetu mwenye tumbo la rangi ya chungwa na michirizi ya buluu mashavuni, ambaye ninyi mngemkaanga kwa unga wa mahindi, yeye akamweka sebuleni kwenye tangi la kioo, akamwita Gavana, kwa kuwa alichimba shimo lake kwenye changarawe na kufukuza kila kidole isipokuwa cha Delbert.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka jana, akafariki nyumbani tarehe 7 Mei mwaka huu wa 2023, na tangu siku hiyo Gavana hakugusa hata mnyoo mmoja aliotupiwa na Lorene, Twila akavaa kofia ya baba yake ili kumdanganya, mimi nikakalia kiti cha Delbert nikakohoa kama yeye, samaki akatutazama kama watu waliokosea nyumba.

“Vernon, huyu naye anamfuata mwenzake,” dada aliniambia jana, “na mimi kuzika wawili wiki moja siwezi.”

Familia inawashukuru madaktari, inamshukuru muuguzi aliyekuja kuchukua kitanda cha mgonjwa, jirani yetu Opal aliyeleta sinia la tambi, na wenzake Delbert wa posta walioleta kuku, ambao leo mlangoni mwa kanisa wameulizana, mmoja baada ya mwingine, kama Gavana ameshiba, maana kila aliyeleta chakula cha wafiwa alipita kwenye tangi akamtupia na yeye, akidhani sisi tumemsahau, na Lorene amecheka mpaka Twila akamshika mkono.

Delbert, lala bila wasiwasi, mwenzako hafi kwa huzuni. Akifa leo, ni kwa sababu kabla ya kuja hapa nilimmwagia kopo zima la minyoo.