Kioo cha Jirani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi wa sita, fundi wetu mkuu wa maabara ya tishu atavua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na minne. Sisi tunamwita Mama Jirani. Mkuu wa maabara amenipa kazi ya kuandika wasifu wake mimi, mbeba vichupa. Shule niliiacha njiani, kwa hiyo nitaandika ninavyoweza.

Alianzia kwenye chumba kisicho na dirisha, akiosha vioo vya hadubini kama ninavyoosha mimi sasa, akapanda hadi kwenye mashine ya kukatia. Kinyama cha mgonjwa kinakuja kimegandishwa ndani ya nta, naye anakikata kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu. Akikata, hapumui. Ukikohoa mlangoni, anakutazama kama umemwaga uji wa mtoto. Amefundisha mafundi kumi na tisa. Watatu walilia wiki ya kwanza. Leo wote watatu ni wakuu wa maabara kwingine.

Jina la Jirani limetokana na utaratibu wake mmoja. Kwenye kila kioo cha tezi, pembeni ya kipande cha mgonjwa, anaweka kipande cha findo lenye afya, ile tezi ya kooni ambayo watoto hutolewa. Huyo ndiye jirani. "Usimhukumu mtu hujaona kwao," hutuambia.

Maana yake alinieleza tukinywa chai. Seli za saratani ya tezi si wageni waliovamia. Ni watoto wa nyumbani, seli zilezile za kinga. Katikati ya tezi kuna kambi ambamo seli hujifunza kumtambua adui. Humo huzaana upesi na kubadilisha maagizo yao ya ndani, na hiyo ni kazi ya hatari. Seli iliyokosea inatakiwa ife, na kwa kawaida hufa. Ikigoma kufa, ikazidi kuzaa, saratani inaweza kuanzia hapo. Kwa hiyo ipo rangi ya kuwatafuta wagomaji. Kwenye tezi yenye afya, pembezoni hugeuka kahawia na kambi hubaki nyeupe. Kambi ikigeuka kahawia, kuna jambo.

Miaka sita iliyopita tezi ilinivimba shingoni. Ikatolewa, na kichupa nikakibeba mwenyewe hadi maabara, maana ndiyo kazi yangu. Siku ya tano daktari wa patholojia alinionea huruma, akanidokeza mlangoni: kambi nyeupe, tezi imechokozwa tu na homa, anaandika majibu sasa hivi. Nikampigia simu mama watoto, aliye mbali nami kwa nchi mbili. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Niliporudi na trei ya vichupa, nilimkuta Mama Jirani amesimama mbele ya meza ya daktari, kioo changu mkononi. Kalamu ya daktari ilikuwa imeshafunguliwa.

"Jirani umemtazama?"

"Mama, nina vioo arobaini hapa."

"Sasa una thelathini na tisa. Hiki naondoka nacho."

Jirani alikuwa mweupe wote, pembezoni mpaka kambini. Rangi ilikuwa imekufa ndani ya chupa, imelala nje ya friji tangu Ijumaa. Kioo kile hakikusema kwamba mimi ni mzima. Hakikusema kitu. Na aliyeisahau rangi nje alikuwa yeye mwenyewe, siku aliyotoka mbio kumpokea mwanawe stendi. Aliliandika kosa hilo kwenye daftari la makosa kabla hajaulizwa na mtu, akaweka na sahihi.

Akafungua chupa mpya. Saa tatu nzima niliosha bilauri moja. Nilipoitwa, daktari alisogea nikachungulia kwenye hadubini. Jirani alikuwa sawasawa: kahawia pembezoni, nyeupe katikati. Kando yake, kambi zangu zote zilikuwa kahawia.

Simu ya pili kwenda nyumbani niliipiga Mama Jirani akiwa ameketi karibu yangu. "Usimwambie unakufa," alisema. "Mwambie tatizo limeonekana mapema." Saratani ilikuwa sehemu moja tu. Nikapigwa mionzi, na mpaka leo nabeba vichupa, shingo imenyooka.

Wiki hii amenionyesha droo alimowaachia mafundi vipande vya nta vyenye findo, kila kimoja na tarehe yake.

Asante, Mama Jirani. Nenda ukapumzike, na ukikata kitunguu sasa, pumua. Uzee wako uwe mrefu na mtamu. Huku nyuma, hakuna kalamu itakayogusa karatasi kabla jirani hajatazamwa.