Marehemu Hakuwa Daktari

Kaka yetu alifariki dunia siku ya Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, katika wodi ya wanaume, ghorofa ya pili ya hospitali kuu, na aliyethibitisha kifo chake alikuwa daktari wa kweli, jambo ambalo marehemu mwenyewe angetaka litajwe mapema, kwa kuwa wengi waliofika nyumbani kutupa pole wameuliza Daktari anazikwa saa ngapi, na familia imeona ni haki yake, kabla ya mengine yote, kusema wazi mbele yenu kwamba marehemu hakuwa daktari.

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1961, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa karani wa reli na mama muuza maziwa, katika nyumba za wafanyakazi zilizopakana na karakana ya mabehewa, ambako nyundo zilianza kulia kabla ya jogoo, na mama yetu alizoea kusema kwamba ndiyo maana mtoto huyu alijua kupaza sauti kabla ya kujua kutembea. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari kuanzia mwaka 1976 hadi 1979, na jambo linalokumbukwa na waliosoma naye ni asubuhi ile alipowaiga walimu wote mmoja mmoja mbele ya darasa, akafika kwa mwalimu mkuu bila kujua kwamba mwalimu mkuu mwenyewe amesimama mlangoni nyuma yake, akachapwa fimbo nne, halafu akaitwa ofisini na kuambiwa arudie, safari hii walimu wote wakiwa wamekaa, na mwalimu mkuu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwaka 1981 aliajiriwa posta, dirisha la vifurushi, na hapo alikaa miaka ishirini na miwili. Sanaa ilimkuta hapo hapo dirishani, mwaka 1986, pale mwongozaji wa michezo ya redio alipofika kuchukua kifurushi chake, akamsikia marehemu akimweleza mteja wa mbele kwamba mzigo wake umepotea na haujulikani ulipo, mteja akasikiliza, akashukuru, akaondoka ameridhika kana kwamba ameupata, na mwongozaji yule akasahau kifurushi akamuuliza, "Wewe bwana, umejifunza wapi kusema hivyo?", naye akajibu, "Kusema nini? Nimemwambia ukweli, umepotea." Kuanzia mwezi uliofuata alikuwa akitoka posta jioni na kwenda studio, akacheza wazee, majambazi, mahakimu, na mara moja, alipokosekana mwingine, mbuzi.

Mteja mwingine wa dirisha lile alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuja kuulizia vitabu vya shule mara nyingi kuliko vitabu vilivyokuwapo, nao walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1988, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1990, ambaye ni mpima ardhi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Oktoba 1993, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili wapo hapa pamoja na mama yao.

Mwaka 2004, baada ya kuacha kazi posta, alichaguliwa kuigiza daktari mkuu katika tamthilia ya hospitali iliyorushwa kwenye televisheni kila Alhamisi jioni, akaiigiza nafasi hiyo kwa miaka kumi na miwili, na wengi wenu mlimfahamu huko. Mnakumbuka namna alivyovua miwani, akaifuta kwa pindo la koti jeupe, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, akasema, "Hili si kubwa. Hili tutalimaliza." Maneno hayo hayakuwamo katika muswada, aliyaongeza mwenyewe wakati wa mazoezi ya wiki ya kwanza, mtayarishaji akayapenda, yakabaki, na baada ya mwaka mmoja watoto wa mtaani walikuwa wakiyapigia kelele nyuma yake akienda dukani. Watu walimsimamisha njiani na kumwonyesha ndimi zao, madonda yao, vyeti vyao vya vipimo, kinyozi aliyekuwa akimnyoa alimuuliza, "Daktari, goti langu hili linasemaje?", naye akajibu, "Linasema uache kupanda ngazi za nyumba za watu," wakacheka, na mkewe akawa na msemo wake, kwamba kwao kidonge cha kichwa hakuna, lakini daktari wanaye.

Makoti meupe ya tamthilia ile yote yalishonwa na fundi cherehani mmoja, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwenye kibanda kilichotazama barabara, aliyekuwa na mazoea ya kuzungumza akiwa amebana pini midomoni, kiasi kwamba wateja wapya hawakumwelewa na wa zamani hawakumwelewa vinginevyo. Hakukuwa na mtu duniani aliyejua vizuri kuliko fundi yule kwamba koti lile ni la kuigizia, maana kitambaa alikikata yeye, na jina lililotariziwa mfukoni, ambalo si la marehemu, alilitarizi yeye.

Mwezi Novemba 2015 marehemu alikwenda kibandani kupimwa koti jipya, na akiwa amesimama mbele ya kioo, koti mwilini, mikono imenyooshwa, fundi alimwambia kwamba yapata miezi miwili tumbo linamuuma upande wa chini, na akienda haja anaona damu. Marehemu alisimulia baadaye kwamba hakufikiri, kwamba mkono ulipanda wenyewe ukavua miwani, kwamba aliifuta kwa pindo la koti ambalo bado lilikuwa na pini, na akasema, "Hili si kubwa, Fundi. Hili tutalimaliza." Fundi akacheka, akasema, "Haya, Daktari, geuka nikupime mgongo," na marehemu akageuka, na habari hiyo ikaishia hapo.

Fundi alikwenda hospitali mwezi Julai mwaka uliofuata, akiwa amekonda, na marehemu alikuwa mmoja wa majirani waliofuatana naye, akawa amesimama kando ya kitanda pale daktari alipouliza kwa nini mgonjwa amechelewa kiasi kile, naye fundi akajibu, "Nilishaambiwa si kubwa," mkewe akageuka na kuuliza, "Uliambiwa na nani?", na fundi akafumba macho kama mtu aliyechoka. Alifariki tarehe 9 Septemba 2016. Marehemu alibeba jeneza, upande wa mbele, na mwezi Desemba mwaka huo huo aliacha tamthilia bila kueleza sababu, ikasemwa kwamba amegombania malipo, ikasemwa kwamba amepata bwana mkubwa wa kumfadhili, naye hakukanusha lolote, na hata mkewe hakumwambia.

Jumapili ya tarehe 17 Juni 2018 alialikwa katika kipindi cha mahojiano cha televisheni, na familia yote ilikusanyika sebuleni kumtazama, tukitarajia visa vya studio. Mtangazaji, binti mchangamfu, alianza kwa kusema, "Daktari, wagonjwa wako tumekumiss, unarudi lini kazini?", na marehemu akamjibu, "Binti yangu, mimi si daktari," yule binti akacheka, akadhani ni mzaha, naye akarudia, kisha akaeleza habari ya jirani yake mmoja, bila kumtaja jina wala kazi, ila alitaja pini, na sisi tuliokuwa sebuleni tukajua, na shemeji yetu, mkewe, akaweka kikombe chini.

Mtangazaji alijaribu kumsaidia, akasema, "Lakini mzee, sanaa si inaelimisha jamii?", naye akasema, "Ndivyo tulivyoandika kila tulipoomba ufadhili. Inawezekana ni kweli. Mimi nilifundishwa namna ya kuaminika, sikufundishwa kujua, na miaka thelathini sikuona kama kuna tofauti, kwa sababu watu walikuwa wakifurahi. Sasa sijui kazi yangu ni kazi gani. Muuguzi akikosea anajua amekosea wapi. Mimi siku ile sikukosea, niliigiza vizuri sana." Alipoulizwa angewaambia nini vijana wanaotaka kuingia kwenye uigizaji, alinyamaza, akaendelea kunyamaza, mpaka watu wa mitambo wakadhani sauti imekatika, wakaweka tangazo la sabuni.

Wenzake hawakufurahi, na mwigizaji aliyecheza muuguzi mkuu kwa miaka yote ile alimpigia simu usiku huo huo akamwambia, "Kaka, umetuvua nguo mchana kweupe. Wewe umeshiba umeondoka, sisi bado tunakula humo," na marehemu hakubishana naye, alimwambia ni kweli, akamwomba radhi. Lakini yeye alikuwa akimngojea mtu mwingine. Kila geti lilipogongwa aliinuka, akakaa tena, na siku ya pili hakula chochote.

Jumanne asubuhi mjane wa fundi alifika. Shemeji yetu alimkaribisha, akamwekea chai ambayo haikunywewa, na mjane akasema, "Shemeji, sikuja kukulaumu, na kukusamehe pia sikuja. Mume wangu miezi yote ile hakuniambia anaumwa, mimi nalala naye kitanda kimoja, wewe ndiwe uliyeambiwa. Nataka unieleze alisema nini." Marehemu alimweleza. Mjane akasema, "Hapana, hayo umeyasema kwa sauti yako. Sema kama alivyosema yeye." Marehemu alimwangalia mkewe, na mkewe akatazama sakafu, kwa hiyo alilazimika kuamua peke yake, akabana midomo kana kwamba ameshika pini, akainamisha bega la kushoto, akayasema maneno ya fundi kuanzia mwanzo, tumbo, miezi miwili, damu, mpaka lile la geuka nikupime mgongo. Mjane alijifunika uso kwa mtandio, akasema, "Ndiye," kisha akaaga akaenda zake. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo. Walisalimiana njiani, kama majirani, na salamu ni salamu.

Marehemu hakurudi kwenye televisheni wala redio, ingawa aliitwa mara kadhaa, na hakuwahi kusema kwamba mashaka yake yamekwisha. Watu waliendelea kumsimamisha na kumwonyesha maumivu yao, maana uso haustaafu, na jibu lake likawa moja, "Twende," akamshika mtu mkono mpaka kituo cha afya cha mtaa wa pili, akaketi naye kwenye benchi hadi jina liitwe, mpaka muuguzi wa mapokezi akawa akimwona tu mlangoni anauliza, "Haya, leo umetuletea nani tena?", na wapo miongoni mwenu waliokalishwa kwenye benchi lile bila kupenda, wengine kwa mafua tu.

Mwezi Julai 2024 alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi, na miguu ikawa inavimba jioni, akajipeleka mwenyewe kituoni siku hiyo hiyo, muuguzi akamuuliza swali lake la kila siku, naye akajibu, "Leo nimejileta." Ilionekana kwamba moyo umepanuka. Alitibiwa, akapata nafuu, akazidiwa mwezi Januari, na tarehe 24 Februari 2025 alilazwa, ambapo mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa malori, alimtambua mara moja akamwambia, "Daktari, nawe umelala? Basi sisi wengine tumekwisha," wakacheka wote wawili mpaka wakakatazwa.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi, daktari alimweleza kwamba moyo haujibu dawa tena. Saa ya kuona wagonjwa ilipofika mkewe aliingia pamoja na binti yao, na binti, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, ndiye aliyetusimulia kwamba mama alikaa ukingoni, akamtengenezea shuka, akasema, "Baba, niambie ile ya kwenye tamthilia." Marehemu akasema, "Mama, unajua ile ni nini." Akasema, "Najua. Daktari ameshaniambia yote, hakuna nisichojua. Niambie tu." Alikuwa hajayatamka maneno yale kwa miaka minane. Alitafuta miwani, binti akampa, akaivaa ili apate kuivua, akaifuta kwa shuka, akasema, kwa sauti ambayo binti anasema ilikuwa ile ile ila ya chini, "Hili si kubwa, mama. Hili tutalimaliza." Mkewe akampiga kofi dogo la mkononi, akasema, "Muongo mkubwa wewe," akacheka, na akiwa bado anacheka akaanza kulia, naye akamshikilia mkono mpaka kengele ya kutoa wageni ilipolia. Siku iliyofuata, alasiri, alifariki, kama tulivyokwisha kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walimweleza ukweli kila alipouuliza, inawashukuru wahudumu wa kituo cha afya kwa uvumilivu wa miaka saba, wafanyakazi wenzake wa posta, na wasanii wenzake, ambao pamoja na yaliyopita wamekuja wote, majirani waliolala nasi tangu Jumatano, dereva wa malori, aliyeruhusiwa kutoka hospitali jana akaja moja kwa moja hapa, na mjane wa fundi, aliyefika leo alfajiri, akaomba kukaa karibu na shemeji yetu, na amekaa.

Upumzike, kaka. Hakuna atakayekuuliza kitu tena.