Winfrida Adolf na Soko la Kwa Leonia

Marehemu mama yetu Winfrida alizaliwa Rusimbi tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu wa Mzee Martini, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Alisoma hadi darasa la saba. Dada zake husimulia kwamba siku akishika nafasi ya pili darasani, alikuwa hagusi chakula.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na baba yetu, Mzee Adolf, aliyetutoka mwaka 2009. Walijaliwa watoto watano. Mwaka 1974 walihamia hapa Nyakisaga, kukiwa na nyumba kumi na moja tu, wakalima mihogo, maharage na michikichi.

Jirani yao alikuwa Bibi Leonia. Mwaka 1976 Leonia alitandika kanga kando ya barabara, akapanga mihogo na chupa tatu za mawese. Mama alimcheka: “Nani atanunua mihogo huku, kila mtu anayo?” Malori yakasimama. Wanawake wengine wakajiunga, likawa soko. Soko likavuta mashine ya kusaga, duka la dawa, kisha mji. Hadi leo makondakta hutangaza, “Kwa Leonia, wanaoshuka!”

Jina hilo lilimchoma mama, naye hakuficha. Alituagiza tuliseme hili leo. Kwa miaka ishirini na miwili alibeba mihogo yake kilomita saba hadi soko la kijiji kingine, ili asiuze sokoni Kwa Leonia. Leonia alipoezeka bati, mama hakumwacha baba apumue mpaka naye akaezeka. Leonia aliposifiwa katika kwaya ya kwanza ya kanisa, mama akahamia ya pili.

Mwaka 2019 Leonia alipooza, akapoteza kauli. Mwaka huohuo ofisa wa kata, Happiness, mwenyeji wa Njombe, alikuja kuandika historia ya mji ili ibandikwe sokoni.

“Bibi, soko hili lilianzishwa na nani?”

“Na mimi,” mama alijibu. “Jina la Leonia lilishika tu kwa kuwa aliishi kando ya barabara.”

Siku ya nne mama alikwenda kwa miguu hadi ofisini kwa Happiness. “Mwanangu, futa jina langu. Alianzisha Leonia. Mimi nilimcheka.”

“Lakini bibi, Leonia hasemi, na hakuna mwingine aliyekuwapo anayejua.”

“Ndiyo maana nimekuja.”

Kutoka pale alipitiliza kwa Leonia, akamsalimu kwa lugha ya kwetu. “Mwakeye, Leonia. Nilikuibia soko lako, nimelirudisha. Ila wivu bado ninao.” Leonia alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku ile mama ndiye aliyemlisha chakula cha mchana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Alipolazwa mara ya mwisho alimwambia dada yetu Edina, “Mwanao Recho asimlishe Leonia peke yake. Atapendwa kuliko mimi.” Alifariki tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha watoto watano, wajukuu kumi na saba, vitukuu wanne, na Bibi Leonia, aliyeketi hapa mbele pamoja nasi wafiwa.

Mama, Mungu akupe pumziko la amani. Leonia tunamlisha kwa zamu.