Elinipa Zefania Mfinanga (1979–2024): Mtandao Hadi Chole

Elinipa, tunayemsindikiza leo hapa Misugusugu, alizaliwa Usangi, Wilaya ya Mwanga, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Zefania na Mama Nakundwa. Shule ya msingi alisoma kwao, sekondari Moshi. Baba yake alikuwa fundi redio, na Elinipa ndiye aliyepandishwa juu ya bati kugeuza antena mpaka taarifa ya habari isikike. Mama alilalamika kwamba mtoto wa kike hapandi mapaa. Baba alijifanya hasikii. Mwaka 2004 alihitimu uhandisi wa mawasiliano Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tarehe 22 Novemba 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Wilfred Temba. Wilfred husema walitembea pamoja miaka yote bila kuona mji uleule: yeye aliona watu, mwenzake aliona mapaa.

Elinipa alianza kazi ya TEHAMA halmashauri, Kibaha, mwaka 2006. Mwaka 2017 alikabidhiwa kupanga mtandao usio na waya wa kuunganisha zahanati na ofisi za kata. Wengi walitaka minara mipya. Yeye, kwa kubana gharama, alizunguka akitafuta kilichokwisha kusimama juu, kama tanki la maji au ghorofa la shule, ambapo antena zingeweza kuonana. Na wenzake walipotaka ofisi zitangulie, alisema kikaoni, "Tuanze na zahanati. Sisi tunaweza kusubiri, mgonjwa wa Mbwawa hawezi."

Huko Mbwawa ilihitajika nguzo moja, na mahali pazuri palikuwa kilimani kwa Mzee Kondo, mkulima wa korosho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pale juu nimemzika mama watoto wangu. Mkijaza vyuma vyenu, jioni nitakaa naye wapi?"

Elinipa hakubishana. Alirudi ofisini akafuta mchoro. Wakubwa waliponung'unika kwamba mradi unachelewa, aliwajibu, "Nguzo tutaihamisha. Yule mama hatumhamishi." Masika yote yaliisha akitafuta njia nyingine, hadi akaipata kupitia paa la shule. Mzee Kondo tunaye hapa leo.

Baadaye wenzake wa Kisarawe walimwomba awasaidie kufikisha mtandao Chole, kata ya wilaya yao, ambako muuguzi Bertha alilazimika kumwacha mjamzito kitandani na kupanda mlimani kutafuta mawasiliano ili aite gari la wagonjwa. Kazi hiyo ilikuwa imefika katikati, Agosti 2022, Elinipa alipogundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa huku akichora. Wilfred alimsihi apumzike. "Nikilala bila kazi," alimwambia, "nasikia maumivu tu."

Chole iliunganishwa wiki yake ya mwisho. Bertha alimpigia simu ya video akiwa ndani ya zahanati.

"Dada Elinipa, unaniona?"

"Nakuona vizuri, mdogo wangu. Haya, kata simu, uhudumie wagonjwa."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, hospitalini Dar es Salaam, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Didas na Marselina, mama yake mzazi, ndugu wanne na wapwa wengi aliowasomesha.

Bwana aliyempa kazi, sasa ampe mapumziko yake.