Dirisha la Magharibi

Ndugu na jamaa mliokuja kumsindikiza mchora ramani za nyumba wetu, haya ndiyo maisha yake, kama mdogo wake alivyoweza kuyakusanya. Mjane aliombwa aongeze neno. Amesema hana. Hajalia bado, anasema moyoni hasikii kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, kifungua mimba wa fundi mwashi na mama muuza mboga. Nyumba yao ilikuwa ya mabati matupu, bila dari. Mchana hakukaliki ndani. Akiwa bado mdogo aliapa kwamba akikua hatamjengea binadamu mwenzake tanuri.

Baada ya sekondari aliingia chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1979. Mwalimu wake alilalamika kwamba michoro yake ina baraza kubwa kuliko vyumba. Hakubisha, na hakubadilika.

Kazini hakushika penseli kabla ya kukaa kiwanjani kutwa nzima, kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kimefungwa kwenye kijiti mbele yake.

"Mzee, utachora lini?" mteja mmoja alifoka.

"Namngoja mwenye nyumba."

"Si mimi hapa!"

"Wewe utakaa tu. Mwenye nyumba ni upepo."

Ndipo akaitwa Mzee Upepo. Alitokeza paa mbali nje ya kuta ili zipate kivuli, akaacha matundu juu ili joto litoke, akapindisha ukuta kuliko kukata mti. Dirisha kubwa upande wa magharibi lilikuwa mwiko.

Tarehe 14 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani, akamchorea nyumba yenye ubaridi wa mtungi. Bibi akaitazama ramani.

"Na nitakuonaje ukirudi?"

Barabara ilikuwa magharibi. Walibishana wee, mwisho Mzee Upepo akasalimu amri, akaweka dirisha. Kila alasiri chumba kile kiliwaka. Bibi alishona humo jasho likimtiririka, na kuhama hataki. Watu wakimtania mzee kwamba mganga hajigangi, alijibu, "Mganga huyu kaoa."

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akaacha kutoka. Mkewe akasema, "Basi lizibe. Barabarani sina wa kumtazama tena." Matofali yakaletwa. Lakini kabla mwashi hajaanza, mgonjwa alishikwa na baridi isiyosikia blanketi. Akatetemeka katika kila chumba alichokichora kwa akili zake zote. Akaomba kitanda kihamishiwe chumba cha cherehani. Jua la alasiri likampiga kifuani, akatulia.

"Hapa nilikosea vizuri, mama watoto," alisema.

Alifariki humo tarehe 3 Juni mwaka huu, saa kumi alasiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mdogo wake anayesoma maneno haya na asiyejua aweke wapi mikono yake. Yale matofali ndiyo mnayoyakalia mlio nyuma. Jana alasiri mwashi alikuja kuuliza kama aendelee na kazi. Mjane alikuwa kwenye cherehani, hashoni, macho barabarani.

"Liache," alimwambia. "Ndiyo saa yake ya kurudi."

Mungu ampe kaka yetu kivuli, na amani ndani yake.