Sikumwambia Mpishi

Assalaamu alaykum, wenzangu. Na wale wa salamu nyingine, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuniwekea kiti. Nikisimama muda mrefu pumzi inakata, kwa hiyo nitasema nimekaa, mniwie radhi.

Nesi wetu aliniomba niseme tangu kliniki iliyopita, nikamkatalia. Si kwamba naona haya kuitwa mgonjwa. Humu ndani nani mzima? Nilikataa kwa sababu habari yangu ina mtu mwingine ndani yake, na mtu huyo nimemkosea. Juzi nikaenda kumuomba ruhusa. Akaniambia, "Sema. Ila jina langu liache." Basi naliacha. Nitamwita shoga yangu, maana ndivyo tunavyoitana tangu wasichana huko Mbuchi, tulipokuwa tukifukuza ndege kwenye mpunga wa mama zetu.

Mimi kazi yangu mitumba. Leo gulio la hapa Kibiti, kesho Mbwara, siku nyingine mpaka Ngarambe huko karibu na pori. Mtu wa magulio hapiki mchana, anakula anapofikia. Na mimi nilikuwa mlaji, jamani, sifichi. Siku za Kibiti nilikula kwa shoga yangu. Alikuwa na mgahawa karibu na stendi, meza sita, na kwenye meza hizo hukosi wali wa nazi, mchuzi wa kamba, samaki wa kukaanga na pilipili ya ndimu. Zaidi ya miaka kumi nimekula pale. Wateja wengine waliletwa na mimi. Nikishamuuzia mtu gauni namwambia, kale pale, utanikumbuka.

Ugonjwa ulianza miguuni. Viatu vikanibana. Watu wakasema nimenenepa, biashara imekubali, nami nikafurahi. Halafu nikawa silali bila mito mitatu. Nikitembea kutoka kituoni mpaka sehemu yangu gulioni, nasimama mara mbili nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kaka yangu ndiye aliyenipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari akasikiliza kifua, akaniweka kwenye mashine, akaniambia, "Mama, moyo wako umetanuka. Umechoka kusukuma damu, maji yanabaki mwilini."

Akanipa vidonge, kimojawapo cha kutoa maji. Akaniambia maji ya kunywa nipime. Kisha akasema la chumvi. "Chakula chako kipikwe bila chumvi. Samaki mkavu wa ng'onda basi, unga wa mchuzi wa pakiti basi."

Nikamuuliza, "Nipunguze?"

"Sijasema upunguze, mama. Bila."

Nyumbani haikuwa taabu. Naishi na mama yangu, akawa ananipikia kisufuria changu pembeni. Taabu ilikuwa njiani. Ndugu zangu, nawaambieni, mpaka siku ile sikujua kwamba hakuna chakula cha mgahawani kisicho na chumvi. Wali umetiwa. Maharage yametiwa. Chapati imekandwa nayo. Ugali ndio hauna, lakini ugali unaliwa na nini?

Mara ya kwanza niliuliza Ngarambe. Nikamwambia dada anayehudumia, "Mna mboga isiyotiwa chumvi?" Akageukia jikoni akapaza sauti, "Huku kuna mama hataki chumvi!" Meza zote zikanitazama. Mzee mmoja akasema, "Muacheni huyo. Mganga kampa mwiko." Watu wakacheka. Nikala ugali kwa ndizi mbivu, nikatoka nimeinamisha uso.

Mahali pengine mpishi aliniapia kwamba kaniwekea mchicha mtupu. Nikaonja, chumvi hiyo. Nikamwambia, "Mama, hii ina." Akanijibu, "Aa, kidogo tu ya kuleta ladha. Sasa nikupe majani kama mbuzi?" Hakuwa na ubaya. Alinionea huruma. Nikala kwa kumuonea haya.

Baada ya hapo sikuuliza tena. Nikaanza kubeba hotpoti. Na kidonge cha kutoa maji, siku za gulio nikawa nakiacha, kwa sababu ukikimeza utakwenda chooni kila baada ya dakika chache, na magulio yetu mnayajua, choo kiko wapi? Sikumwambia daktari. Sikumwambia mtu yeyote kwamba naumwa moyo. Shangazi yangu aliumwa moyo. Tangu siku watu walipojua, walimsemesha kwa sauti ya msibani na yeye bado yuko hai. Nikasema, mimi hapana.

Hata shoga yangu sikumwambia. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya kwanza nilikwenda kwake na hotpoti langu ndani ya mkoba. Nikaagiza chai kavu, nikala chakula changu nimeinamia meza. Akaniona.

"Siku hizi unakuja kwangu na chakula chako?"

"Mama kanipikia," nikamjibu. "Ningekiacha angenuna."

Akacheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu mimi mwenyewe sikwenda. Nikawa napita ng'ambo ya barabara, naangalia simu ambayo haijaita.

Sasa nyinyi mnapajua kwetu. Mtu aliyekula mahali miaka kumi akiacha ghafla, hawamuulizi kama anaumwa. Wanauliza ameona nini. Ikaanza chini kwa chini, kwamba mule ndani kuna kitu kwenye sufuria, kwamba yule mama biashara yake ina dawa, na rafiki yake wa damu kagundua ndiyo maana kakimbia. Maneno yakanifikia nilipokuwa napanga nguo. Mwanamke mmoja alishika blauzi, akajifanya anatazama mshono, akaniuliza polepole, "Kwani wewe uliona nini mule?"

Nilikuwa na nafasi. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: naumwa moyo, nimekatazwa chumvi. Lakini nikaona akijua yeye, kesho gulio zima linanitazama kama maiti. Nikamjibu, "Mimi sisemi."

Maneno mawili, wenzangu. Nimeyarudia kichwani mara ngapi, Mungu ndiye anajua. Kwa maneno hayo mawili nilimfungia mwenzangu mlango.

Meza sita zikawa zinakaliwa mbili. Wanaoshuka kwenye mabasi walikula, hawajui kitu. Sisi wa hapa tukapita. Mpaka siku moja ya gulio nikamuona anakuja, kavaa aproni yake ya jikoni, ngumi kiunoni. Akasimama mbele ya nguo zangu.

"Nakuuliza mbele ya watu hawa. Nimekulisha nini?"

Nikasema, "Shoga, hujanilisha kitu."

"Basi mbona wanasema? Na wewe mbona umekaa kimya? Kama hujaona kitu, twende ukale kwangu. Sasa hivi. Watu waone."

Ningeweza kumwambia pale pale. Watu wamejaa, wote wanangoja. Nikashindwa, nikamfuata. Akanipakulia mwenyewe wali wa nazi, mchuzi wa kamba, samaki, na pilipili ya ndimu iliyosagwa na chumvi. Nikala yote. Na nisiwadanganye, kilikuwa kitamu mpaka machozi yakanilenga. Watu waliosimama mlangoni wakatazama, wengine wakaingia wakaagiza. Shoga yangu akaniwekea mkono begani.

Nikajiambia, nikila siku chache tu mbele za watu, jina lake litarudi, halafu nitatafuta sababu nyingine. Kesho yake nikala. Kesho kutwa yake nikala. Siku zote tatu nilibaki hapa Kibiti nikiuza, kidonge cha maji sikimezi. Miguu ikajaa mpaka soksi ikaacha mtaro. Nikavaa dera refu.

Siku ya nne nilikuwa Mbwara. Asubuhi, tunashusha mzigo. Nikainama kushika kamba ya belo la nguo, pumzi haikurudi. Nilisikia kifua kinachemka kama kiko ndani ya maji. Nilitaka kumuita jirani yangu muuza ndala, sauti haitoki. Wakanipakia kwenye gari la mizigo juu ya nguo zangu mwenyewe, nimekaa, maana nikilazwa nazama. Ndivyo ilivyokuwa: nchi kavu, jua linawaka, nazama.

Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa hospitali, kipira cha hewa puani. Na huku nje, mnadhani watu walisema nini? Walisema, si mnaona? Kalishwa kwa nguvu mbele za watu, siku ya nne kaanguka. Hata waliokuwa hawaamini sasa wakaamini. Shoga yangu alitupiwa maneno mlangoni kwake. Mtu alimwaga maji machafu kwenye jiko lake. Akafunga.

Hayo sikuyajua mpaka siku nilipomsikia nje ya wodi. Kaka yangu alikuwa kasimama mlangoni.

"Umekuja kuangalia kama amekufa?" Sauti ya kaka hiyo.

"Nimekuja kumuona. Nisipomuona leo, nitaishije?"

"Humuoni."

Nesi aliyekuwa zamu akatoka. Akasema hapa wodini mlango ni wake, mgonjwa ana haki ya kutembelewa. Shoga yangu akaingia. Hakuja na chakula. Mtu ambaye hajawahi kwenda kumuona mgonjwa mikono mitupu, siku hiyo alikuja mikono mitupu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaniuliza, "Niambie ukweli. Mimi nimekuua?"

Jamani, hapo ndipo nilipovunjika. Nilitoa mguu nje ya shuka. Nikashika kidole chake, nikakibonyeza juu ya ugoko wangu, nikakiachia. Pakabaki shimo. Tukalitazama wote wawili, halirudi.

Nikamwambia, "Ni maji hayo. Moyo wangu mbovu, unashindwa kuyatoa. Nimekatazwa chumvi tangu mwaka jana. Sijaona kitu kwenye sufuria yako. Niliogopa kusema naumwa."

"Chumvi?" akasema. "Chumvi hii ya dukani?"

"Hiyo hiyo."

Akalitazama tena lile shimo. Kisha akanipiga. Kofi la mkononi, si la kuumiza, na machozi yanamtoka. "Mimi nina sufuria tano jikoni. Ningeshindwa kuongeza la sita?"

Kaka alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akatoka nje, akarudi amembebea kiti.

Ningependa niwaambie tangu siku ile mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Nilipotoka hospitali nilikwenda gulioni kwa mkongojo, nikasimama kwenye sehemu yangu, nikasema kwa sauti niliyonayo kwamba naumwa moyo, kwamba yule mama hana kosa, kwamba nilinyamaza kwa haya yangu mwenyewe. Wengine walinipa pole. Mmoja nilimsikia akisema, "Kalazimishwa kusema." Lile neno nililolitoa kwa urahisi, kulirudisha nimeshindwa. Mgahawa wa stendi ulikuwa umeshachukuliwa na mtu mwingine. Shoga yangu sasa yuko nyuma ya soko, meza mbili, na siku nyingine hata hizo mbili hazijai.

Lakini mimi nakula kwake. Kila sufuria ananichotea kabla hajatia chumvi, kisha ananichemshia pembeni na ndimu, kitunguu swaumu na tangawizi. Siku ya kwanza tulionja wote, tukatazamana. Akasema, "Mbaya kama dawa ya minyoo." Tukacheka, na tulikuwa hatujacheka pamoja muda mrefu. Ya siku hizi inalika. Kidonge changu nakimeza kila asubuhi. Ngarambe na Mbwara nimewaachia wenye pumzi. Nikifika mgahawa mwingine siulizi tena kwa kuzungukazunguka. Naenda jikoni mwenyewe, nasema, "Dada, naumwa moyo. Chumvi itanilaza hospitali. Nichotee kabla hujatia." Wengi wananisikiliza. Asiyetaka, nakula yai la kuchemsha na ndizi, naondoka, na wakicheka ni juu yao.

Moyo wangu haujapona. Daktari kasema hautarudi ulivyokuwa. Naogopa bado, sitawadanganya. Usiku nikikohoa mama anaamka.

Namshukuru mama yangu. Namshukuru kaka, aliyekwenda mwenyewe kumuomba radhi shoga yangu. Namshukuru muuza ndala aliyeacha biashara yake kunishika mgongo garini, na nesi yule aliyesema mlango ni wake. Mungu awalipe.

Na nyie wenzangu wa sukari, wa presha, wa moyo: mwambieni anayewapikia. Mtajieni ugonjwa kwa jina lake. Ukinyamaza, watu watajitungia maneno yao, na yatamwangukia mtu ambaye hayumo.

Sasa nimalizie na hili. Humu ndani nawaona watu watatu, wanne, waliokuwa wakila pale stendi wakaacha kwa sababu yangu. Siwalaumu, kosa langu. Leo shoga yangu kapika mchicha wa nazi na samaki, na katenga sufuria isiyo na chumvi, kubwa kuliko ya siku zote. Mimi nikitoka hapa naenda kula. Natembea polepole, kwa hiyo anayetaka kwenda na mimi hataachwa nyuma.